Kaka yuko Texas, anataka nimsomee masaa yake ya mafunzo ili cheti chake kisife. Ndo aliyenisomesha, nikatae vipi?

Shikamoo Bibi Mwalimu.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma, upande wa Ujiji, niko kazini mwaka wa saba, nafundisha Kiingereza darasa la tano na la sita na tangu mwenzetu ahame nimebebeshwa na Kiswahili cha darasa la nne. Majibu yako kwa walimu wenzangu huwa nayasoma ndo maana nimepata moyo wa kuandika, naomba tu jina langu na la shule visitoke.

Nina kaka, yeye wa kwanza kwetu mi kitinda mimba. Baba alifariki nikiwa form two, kuanzia hapo kaka akawa ndo baba, alikuwa anafundisha sekondari kule Kasulu na kwa mshahara ule ule akanimalizishia form four akanilipia na chuo cha ualimu mpaka nikatoka na cheti. Baadaye akabahatika kwenye ile bahati nasibu ya grini kadi akaenda Marekani, sasa yuko Texas. Alianza kwa kupanga maboksi ghalani usiku, akahangaika akapata cheti cha ualimu cha kule, akafundisha hisabati, akasoma masters ya uongozi wa shule jioni jioni baada ya kazi akaimaliza mwaka juzi, na leo ni makamu mkuu wa shule. Nyumbani tunajivunia mno. Dawa za mama za presha na sukari anatuma yeye kila mwezi, hata bati za nyumba ya mama ni jasho lake.

Sasa kule cheti cha ualimu hakikai milele kama hiki changu nilichoweka kwenye fremu. Kinaisha kila miaka mitano, na ili ukihuishe lazima uwe na masaa ya mafunzo, mwalimu wa darasani 150 na mkuu wa shule 200. Cha kaka kinaisha mwisho wa Agosti, mwezi wake wa kuzaliwa. Mwezi wa nne akanipigia, sauti imechoka kabisa, anasema amekusanya vyeti vyake vyote vya semina havifiki hata masaa 70, kazi ya umakamu inamtoa nyumbani giza inamrudisha giza na mkewe amejifungua juzi tu. Akaniambia mdogo wangu Kiingereza chako kizuri na jioni unazo, kozi nyingi ziko mtandaoni, unaangalia video unajibu maswali cheti kinatoka kwa jina langu, nikupe paswedi unisogezee kidogo kidogo. Bando atatuma yeye na nikimaliza ananipa laki tano.

Bibi sitakudanganya, siku ile sikuona kosa. Huku kwetu mwalimu akishindwa kujaza PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa mtandaoni wa kupima utendaji wa mtumishi, si anampa paswedi kijana wa steshenari au mwalimu mgeni anayeijua simu vizuri, mi mwenyewe nimewajazia walimu wazima watatu wakanishukuru. Nikaona ni kama hivo hivo tu. Nikawa naanza saa tatu usiku watoto wakilala, namtumia meseji kaka nimeingia, yeye huko bado mchana ananitumia ile namba ya uhakiki inayokuja kwenye simu yake, nakaa mpaka saa sita saba. Nimemaliza kozi mbili. Moja ya masaa sita inahusu disleksia, watoto wenye akili zao timamu lakini kusoma kunawagomea, nyingine ya masaa kumi na mbili inahusu kumfundisha mtoto ambaye lugha ya shuleni siyo ya nyumbani kwao. Zote nimepata maksi nzuri.

Kilichonitoa usingizi ni hivi. Jumatano shuleni kwetu ni siku ya JzU, ile jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, na mwezi mzima nimekuwa nasinzia kwenye kikao au natoroka kabisa nikalale. Wiki iliyopita mwezeshaji wetu, mama mmoja mpole sana, akaniuliza mbele ya wenzangu, mwalimu wewe mbona siku hizi hujifunzi na sisi? Nikataka ardhi ipasuke. Maana najifunza kila usiku ila kwa jina la mtu mwingine.

Nikamwambia mume wangu naona niache, akasema humkatalii mtu aliyekusomesha. Mwalimu rafiki yangu yeye anasema huo ni wizi wa cheti na siku wakigundua kaka atafukuzwa. Mama ndo kaniua kabisa, kasema miaka yote hii kaka yako ametoa tu, hajawahi kukuomba kitu, hiki ndo cha kwanza.

Bibi nifanyeje? Nikikataa namwambiaje? Na yale masaa kumi na nane niliyokwishayafanya yanakuwaje? Na mwisho, kuna watu wanasema hata sisi leseni inakuja na tutahuisha kama wao, ni kweli?

Mwalimu mwenye deni, Kigoma


JIBU LA BIBI MWALIMU

Marahaba mjukuu wangu, mwangaluka, ndo salamu yetu huku Tabora.

Usiku wa leo usiingie kwenye hiyo akaunti. Naanza na hilo sababu najua una kozi ya tatu umeiacha katikati na mtu mchapakazi kama wewe huwa anasema ngoja nimalizie hii afu ndo nitaacha. Usimalizie. Mengine tutaongea taratibu.

Kabla sijakujibu nilimpigia binti wa marehemu dada yangu, anafundisha shule ya msingi huko huko Texas mwaka wa kumi na moja sasa, ameshahuisha cheti mara mbili. Nilitaka kujua hiyo habari ya masaa inavyokwenda maana sikutaka kukushauri kwa kubahatisha jambo la mkate wa watu. Tumeongea karibu saa nzima na aliyoniambia yamenifanya niione barua yako kwa namna nyingine kabisa, naona kaka yako ameingia kwenye uongo ambao pengine hata hakuuhitaji.

Sikiliza vizuri umpelekee. Kaka yako anahesabu vyeti vya semina alivyoviweka kwenye bahasha, si ndiyo? Masaa ya Texas hayatoki kwenye semina za kulipia peke yake. Kule kila mwaka kabla wanafunzi hawajarudi mwezi wa nane, walimu wanaitwa siku kadhaa za mafunzo na wilaya yao ya elimu, na katikati ya mwaka kuna siku nyingine wanafunzi wanabaki nyumbani walimu wanakaa darasani wao. Yale yote ni masaa na yanahesabika, maana wilaya zenyewe zinatambulika kama watoa mafunzo. Binti yetu anasema mara yake ya kwanza naye alilia hivo hivo, anahesabu karatasi zake anaona sitini na kitu, mwenzake akamwambia nenda ofisi ya wilaya wakutolee orodha ya mafunzo uliyohudhuria, ilipotoka ilikuwa imepita mia. Alikuwa ameshakaa yale masaa kwa mwili wake mwenyewe akayasahau! Kaka yako amefundisha na kuongoza miaka yote hiyo, hizo siku za mafunzo kazipitia, si ajabu zimelala kwenye kompyuta ya wilaya zinamsubiri.

Afu kuna hili, hapa ndo niliposimama jikoni nikaacha ugali unaungua. Umesema kaka alimaliza masters ya uongozi wa shule mwaka juzi. Kule kozi ya chuo kikuu kinachotambulika inayohusu kazi yako inageuzwa kuwa masaa ya kuhuishia cheti, yuniti moja, kile kipimo cha uzito wa kozi chuoni, ni masaa 15. Kozi ya kawaida ya yuniti tatu ni masaa 45. Piga hesabu wewe mwenyewe mjukuu wangu, kozi tano ni masaa 225, na masters haina kozi tano tu. Cha muhimu ni kozi ziwe zimesomwa ndani ya hii miaka mitano inayoishia Agosti na awe na transkripti ya chuo, ile karatasi ya matokeo, mkononi. Kama ameimaliza mwaka juzi kwa kusoma jioni jioni, basi sehemu kubwa imo humo humo. Mtu huyu amekesha miaka akisoma kwa jasho lake halali, halafu anakuja kukukesha wewe usiku kwa masaa ya kuazima. Nimesikitika kwa kweli. Siyo kwamba ni mtu mbaya, ni mtu aliyechoka, na aliyechoka huwa haulizi, anashika kamba ya kwanza anayoiona.

Hata akipungukiwa baada ya hayo yote, bado ana muda. Miezi ya sita na saba shule za kule zimefungwa na ndo msimu wenyewe wa mafunzo, Texas nzima wana vituo 20 vya kanda vya huduma za elimu ambavyo kazi yake ni kufundisha walimu na wakuu wa shule, na kozi za mtandaoni zimejaa. Atakaa mwenyewe. Masaa 30 kwa makamu mkuu aliyefunga shule ni wiki moja ya kubana, mtoto mchanga akiwa pajani.

Sasa nikwambie kwa nini nimekukataza kwa ukali.

Kule mtu akienda kuhuisha hapeleki rundo la vyeti, anathibitisha mwenyewe kwamba masaa ameyatimiza na vyeti anavitunza kwake, serikali ikitaka inaweza kumchagua ikamwambia lete tuone. Yaani kitu chote kimesimama juu ya neno la mwalimu. Ukisema uongo hapo inakuwa umeitia sahihi, na ile bodi ya vyeti vya walimu ya Texas ina mamlaka ya kumwadhibu mwalimu mpaka kumnyang'anya cheti. Rafiki yako anayesema atafukuzwa kesho ametia chumvi, lakini hatari ipo na haiishi Agosti, kaka yako ataishi nayo kila akiona barua pepe ya serikali. Tena yeye ni makamu mkuu, mwakani ndo atakuwa anakaa mezani na walimu wadogo anawauliza masaa yenu yako wapi. Anawauliza kwa uso gani?

Ila mimi hata bila hayo ya kukamatwa ningekukataza. Ngoja nikupe la kwangu, sijawahi kulisema hadharani.

Mie ni wa wale walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ilihitaji walimu wengi kwa haraka, tukachukuliwa watoto tuliomaliza darasa la saba, tunafundisha huku tunafundishwa, masomo yanakuja kwa posta, mengine redioni, mengine kwa mkufunzi anakuja na baiskeli. Watu walitucheka sana. Kwahiyo maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mtu wa kujiendeleza, kutoka daraja la chini mpaka kuja kufanya mtihani wa daraja la tatu A wakati wa MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, miaka ya elfu mbili na kitu, nimekaa dawati moja na vijana wa umri wa wanangu. Mafunzo kazini kwangu ni damu.

Basi mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa, ukawekwa juu ya KKK, kusoma kuandika na kuhesabu, tukaitwa semina. Jambo kubwa lilikuwa kufundisha sauti za herufi, mtoto asikie ile sauti kwanza ndo aiunge kuwa silabi, maana wengi wetu tulikuwa tunaimbisha majina ya herufi tu a be che de, mtoto anajua wimbo hajui kusoma. Rafiki yangu mmoja tuliyefundisha naye miaka mingi alikuwa na tumbaku yake shambani imeiva na inaharibika, akaniomba nimsainie mahudhurio siku mbili. Nikamsainia. Mtu niliyekula naye chungu kimoja, ningemwambiaje hapana? Tumbaku akaiokoa na posho ya semina akapata.

Mwezi uliofuata wakaja kutufuatilia madarasani, akaambiwa afundishe kipindi. Yule mama alikuwa mwalimu hodari, mwalimu kweli kweli, akasimama mbele ya watoto themanini na kitu akaanza kuimbisha a be che de. Yule mgeni akaangalia orodha ya mahudhurio akaangalia ubao. Hakusema kitu, aliandika tu. Rafiki yangu alikuja kwangu usiku analia, siyo sababu ya mgeni, anasema watoto wale nimewapotezea mwezi mzima na nilikuwa naona kabisa hawasogei nikadhani ni wajinga. Ikabidi nimfundishe mimi semina ile ile, siku nne, jikoni kwangu, na ilikuwa ngumu maana nilikuwa namkasirikia yeye na mimi mwenyewe zaidi. Ile sahihi yangu ilimsaidia tumbaku. Waliolipa ni watoto wa darasa la kwanza ambao hawakuwepo hata tulipokuwa tunapatana.

Sasa rudi kwenye barua yako. Umeniandikia kwamba kozi moja ni ya disleksia na nyingine ni ya mtoto ambaye lugha ya shule siyo ya nyumbani. Kaka yako anaongoza shule Texas, jimbo ambalo watoto chungu nzima nyumbani wanaongea Kihispania. Mwalimu wake akimjia mwezi wa tisa akamwambia makamu, huyu mtoto haelewi Kiingereza au kusoma kunamgomea, nifanyeje, kaka atafungua cheti chenye jina lake asikute kitu. Kilichomo kinakijua kichwa chako wewe uliyeko Ujiji.

Kuhusu yale masaa kumi na nane, hayo asiyahesabu. Najua inauma, maana ni usiku wako sita au saba, lakini ayatoe kwenye hesabu na vile vyeti viwili avifute. Akizihitaji hizo mada akae azipitie mwenyewe tangu mwanzo, na kwa cheo chake anazihitaji. Paswedi abadilishe. Laki tano usiipokee hata akikwambia ni zawadi, labda aje aitume mwezi wa kumi na mbili kama sikukuu. Hela ya bando iliyobaki itumie shuleni.

Mama yako sasa. Aliyosema yamenigusa sababu ni kweli kaka yako ametoa miaka yote na hajaomba. Deni lako ni la kweli, simwambii mtu asahau aliyemlipia ada. Ila mama hajui alichoombwa mwanae, yeye amesikia kaka anaomba msaada wa kompyuta. Nenda kakae naye umweleze kwa lugha yake, mwambie mama kaka ameniomba nimfanyie mtihani kwa jina lake na wakijua kazi yake iko hatarini, uone kama atakwambia tena mfanyie. Mama wa kwetu ukimwonyesha kwamba mwanae anaweza kudhurika anageuka hapo hapo. Mumeo naye mweleze hivo hivo.

Afu kuna namna ya kumsaidia kaka bila kuibeba kazi yake, na hii ndo ningeifanya. Mtengenezee daftari. Mwambie akupigie picha kila karatasi ya mafunzo aliyonayo, orodha ya wilaya ikitoka akutumie, transkripti akutumie, wewe kaa upange, tarehe, mada, masaa, nani alitoa, jumla ngapi, bado ngapi. Hiyo ni kazi ya karani na ndugu anaruhusiwa kuwa karani wa nduguye, na ndo kazi inayomshinda mtu aliyechoka. Nadhani jumla ikimfikia kwa meseji atakaa kimya kidogo halafu atakupigia.

Usimpigie wewe kwanza, sauti yake itakushinda. Mwandikie. Mi ningeandika hivi: "Kaka shikamoo. Nimefikiria sana, zile kozi nimeziacha na naomba zile mbili usizihesabu, sitaki jina lako likae juu ya kitu nilichofanya mimi, umelihangaikia mno. Lakini nina habari nzuri, nimeambiwa siku zote za mafunzo ya wilaya zinahesabika na masters yako inahesabika masaa 15 kwa kila yuniti, naomba kesho waulize ofisini kwenu na unitumie karatasi zote nikupangie hesabu. Nakupenda kaka na sijasahau kitu." Kama kwenu hamuambiani nakupenda weka mnaloambianaga, lakini hiyo ya sijasahau kitu usiitoe.

Anaweza kununa. Wiki mbili, mwezi. Kaka mkubwa aliyekataliwa na kitinda mimba hakosi kununa, na dawa za mama zikichelewa mwezi mmoja utajilaumu. Jipange na hilo, weka hata kidogo pembeni kwa ajili ya dawa, lakini usirudi kwenye akaunti.

Umeuliza habari ya leseni kwetu. Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ilipitishwa mwaka 2018 na ndani yake kuna kusajiliwa na kupewa leseni ya ualimu, kwahiyo siyo maneno ya vijiweni tu. Na mafunzo endelevu yameshaingia, ndo hiyo MEWAKA yenu, JzU ya shuleni na moduli za Taasisi ya Elimu za mtandaoni, na walimu wakuu wana ADEM yao Bagamoyo, wakala wa kuendeleza uongozi wa elimu. Tofauti na Texas ni kwamba huku bado hatujashikiwa saa mkononi, anayekwepa Jumatano anakwepa na mshahara unaingia. Lakini wewe umeshaonja utamu wa kitu chenyewe, usisubiri leseni ije ikulazimishe. Na hilo la kuwajazia wenzio PEPMIS mjukuu wangu nalo liangalie. Kumkalisha mwalimu mzee ukamwonyesha abonyeze wapi ni jambo jema sana. Kumwandikia wewe malengo yake na utekelezaji wake yeye yuko nyumbani anapika, hapo mmeshavuka mto.

Kwa yule mwezeshaji wa JzU nenda kabla ya Jumatano, peke yenu. Huna haja ya kumtaja kaka. Mwambie samahani kwa kusinzia, na mwambie una mada mbili umejifunza unataka kuwapitisha wenzio. Watoto wanaoingia darasa la kwanza huko kwenu na Kiha kitupu halafu wanakutana na Kiswahili, na Kiingereza nacho kinawakuta bado wanahangaika, hiyo si ndo ile kozi ya masaa kumi na mbili? Kule waliiandika kwa ajili ya watoto wa Kihispania, lakini mwalimu wa Buhigwe au Kakonko akiisikia atasema wanamwongelea mwanafunzi wake. Chagua mambo matatu tu yatakayowezekana kwenye darasa la watoto themanini, usiwabebeshe yote.

Na kwenye hilo darasa la nne ulilobebeshwa hujaniambia, lakini naapa yupo mtoto mmoja au wawili wanaogeuza b na d, wanasoma herufi ya kwanza neno linalobaki wanabuni, na wenzao wanawaita vilaza huku hesabu za kichwa wanajibu kabla ya wote. Anza nao Jumatatu. Dakika kumi wakati wa mapumziko, silabi za kukata kwenye maboksi, wazisikie, waziguse, waziunge, na usiwasimamishe kusoma mbele ya darasa mpaka wakuombe wenyewe.